Kapu Lililojazwa Mapema

Kezia alijua shida imeondoka siku aliposikia watoto wake wakigombania ukoko. Kwa mtu mwingine ni kelele tu. Yeye aliacha kupepeta ulezi akasimama mlangoni kuwasikiliza, maana watoto wenye njaa hawagombanii ukoko. Wenye njaa wanakwangua sufuria kimya kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake mkono. Hawa walikuwa wanacheka, wanavutana, na kipande kingine kimeanguka chini na hakuna aliyekiokota.

Walikuwa wametoka mbali. Ndigana iliingia zizini kwao Itiryo wakati Nikodemo, mtoto wao wa kwanza, anaanza kusimama dede, ikamaliza ng'ombe mpaka zizi likaota magugu. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Walibomoa nyumba yao wenyewe kabla hawajabomolewa, wakabeba miti na mlango vichwani, kahawa ikabaki kule mlimani kwenye mahame inaiva na kuanguka bila mchumaji. Kijijini, huku huku Itiryo, walipewa kiwanja kwenye mstari, jirani huku na jirani kule, ukikohoa usiku mwenzako anakupa pole asubuhi. Mpaka wa Kenya pale Sirari nao ukafungwa, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kusimuliana. Kezia alifulia majani ya mpapai. Alichoma magunzi apate magadi ya kupikia mboga. Ugali ulipokuwa mdogo aliwapa watoto, kisha mumewe Joram, yeye akasema ameshakula jikoni, na alichokula jikoni ni kile kilichogandia kwenye mwiko.

Joram hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anapanda mahameni kabla jua halijatoka, akapalilia kahawa ile iliyotupwa, akaikata, akaipigania mpaka ikarudi kuwa kahawa. Bei yake ikaja ikapanda. Wakapata ng'ombe wa maziwa, kisha jozi ya maksai wa kulimia. Katika ile miaka mibaya Joram alikuwa ameshaanza jambo ambalo wanaume wa mstari ule walimcheka nalo: alikaa chini akala sinia moja na mke na watoto, ili ahakikishe Kezia anatia tonge mdomoni. Shida ilipoondoka hakuacha. Jioni walizunguka sinia wote watano, mikono ikigongana, na Kezia mara nyingi alishindwa kula kwa sababu nyingine sasa. Alikuwa anawatazama tu. Alisema moyoni, Mungu, haya yanatosha, usiniongezee kitu, usiniondolee tu.

Siku Bhoke alipofika, Joram alikuwa Tarime. Alikuwa amekwenda na lori la chama cha ushirika kupeleka kahawa, na malipo ya chama yanajulikana, mtu anakwenda kuyangoja.

Bhoke alikuwa dada yake Joram, aliyeolewa Kemambo, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Ila kumwita dada tu ni kumpunguzia. Joram alipofikia umri wa kuoa, baba yao hakuwa na ng'ombe hata wa kukamua. Ndipo Waitara wa Kemambo akaja na ng'ombe wake kumwoa Bhoke. Wale ng'ombe walilala kwa baba yao usiku mmoja tu, asubuhi wakaswagwa kwenda kwa mzee Stanslaus, baba yake Kezia, kumwolea Joram mke. Kezia aliwaona wakiingia. Alimkumbuka bado mtamba mmoja mwenye baka jeupe pajani. Baba yake naye hakukaa nao, akawatumia kumwolea mke kaka yake Kezia. Kwa hiyo nyumba ya Joram ilisimama juu ya ndoa ya Bhoke, na watu wote wa kule walijua hivyo. Bhoke akikaa kwa Waitara, Kezia anakaa kwa Joram. Bhoke akiondoka, Waitara atadai ng'ombe wake, Joram atadaiwa, Stanslaus atadaiwa, na kama hawapatikani Kezia atarudi kwao peke yake. Watoto ni wa mji wa mume, hawatoki.

Ndiyo maana Bhoke alimwita Kezia mke wangu, na Kezia alimwita bwana. Ulikuwa utani, lakini utani wenye mizizi. Bhoke akija alikaa kwenye kigoda cha Joram, akanyoosha miguu, akaagiza maji, akauliza kwa sauti nzito ya kiume mbona nyumba haijafagiwa. Watoto walikufa kwa kicheko. Alikuwa hajazaa. Alimbeba yule mdogo wa mwisho, aliyepewa jina lake, akamwambia, "Bhoke mwenzangu, mama yako huyu nilimwoa mimi, kaka yangu alinisaidia kubeba tu."

Safari hii pia alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Kezia alimpa shikamoo, akamletea maji, akamletea uji wa ulezi kwenye kibuyu. Bhoke alikunywa kidogo akakiweka chini. Alisema, "Mke wangu, umenenepa. Nani anakulisha wakati mimi sipo?" Watoto wakacheka. Lakini alipoyasema hayo alikuwa ameshika mbavu, kama mtu anayeshikilia mzigo usidondoke.

Kesho yake asubuhi Kezia alimchemshia maji ya kuoga, akampelekea nyuma ya nyumba kwenye ua wa mabua, akabaki kumsugua mgongo kama ilivyo desturi ya mke kwa wifi aliyetoka safari. Kanga ilipoteremka, mkono wa Kezia ulisimama. Mgongo ule ulikuwa na makovu ya zamani yaliyokwisha kuwa meupe, na juu yake mengine mekundu, na moja lilikuwa bado linatoa maji.

Bhoke hakugeuka. Alisema, "Usihesabu. Mimi mwenyewe niliacha." Kisha, baada ya maji kumwagika kidogo, akasema tena, "Nimekuja kupumzika, mke wangu. Nione kama kuna mahali pa kupumzika."

Kezia aliitikia, ndiyo bwana, pumzika. Alimsugua polepole akipita pembeni mwa vidonda. Kwenye miaka yote ile Bhoke alikuwa anakuja anacheka, anakula, anaondoka, na wao walikuwa na njaa zao, hawakumuuliza kitu. Kezia alilia pale pale, bila sauti, na machozi yakachanganyika na maji, akashukuru kwamba mwenzake amempa mgongo.

Siku zile Bhoke alifanya kazi kama mtu anayelipia chumba. Alifagia, akakamua, akaenda shamba na watoto, akamfundisha Nikodemo kufunga nira ya maksai isimchubue mnyama shingoni. Alimwita mura, kijana, na Nikodemo akatembea kifua mbele. Hakutaja Kemambo. Hakutaja siku ya kuondoka.

Aliyetaja ni Mokami, bibi wa nyumba ya pili, ambaye macho yake yalikuwa yanaona mstari mzima. Alikuja kuomba moto, akakaa. Aliuliza mgeni yuko wapi, akaambiwa shamba. Akauliza anaondoka lini. Kezia akasema hajui. Mokami akachokonoa makaa kwa kijiti akasema, "Mwanamke anayekwenda kutembea habebi kanga zake zote. Huyu amekuja na kapu tupu na kanga zake zote. Umeangalia?"

Kezia alikuwa hajaangalia. Mokami akaendelea kwa sauti ya mtu anayeongelea mvua. Alisema Waitara si mtu wa kukaa kimya, ana mke mwingine na wana, na ng'ombe anawataka. Alisema serikali inasema yake mahakamani lakini wazee wa Kemambo hawakai mahakamani. Alisema amewahi kuona kwa macho yake, upande wa kwao, mwanamke amerudishwa kwa baba yake na titi linatoa maziwa, mtoto amebaki analia. Halafu akachukua moto wake akaenda, na alipofika nje akasema anaomba na chumvi kidogo kama ipo.

Kezia aliwekwa kwenye moto tangu hapo. Alimtazama yule mdogo anacheza na vumbi. Alimfikiria Nikodemo akila kwa mama mwingine. Alijaribu kumfikiria Bhoke na mgongo ule, na alimfikiria kweli, kwa uchungu wa kweli, lakini kila alipofika kwenye mgongo mawazo yaliteleza yakarudi kwenye lile sinia la jioni na mikono inayogongana.

Sasa kuna jambo moja la kapu. Mgeni wa heshima akija, zaidi sana dada ambaye ng'ombe wake ndio waliooa, haondoki mikono mitupu. Kapu lake linajazwa. Lakini halijazwi mpaka yeye mwenyewe aage. Aseme, jamani, nyumbani kwangu wananingoja. Ndipo unga unapimwa, na watu wanajifanya kumzuia, na yeye anajifanya kukataa. Ukimjazia mtu kapu kabla hajaaga, umemwambia aende. Hakuna mtoto wa Itiryo asiyelijua hilo.

Kezia naye alilijua. Lakini siku ile, wenzake wakiwa shamba, alijikuta analishusha kapu la Bhoke kutoka ukutani. Alijiambia anataka tu kuona litachukua kiasi gani. Akatia unga wa ulezi. Akatia maharage. Alikuwa na sukari aliyoifunga kwenye kitambaa, aliyopanga foleni duka la kijiji mpaka miguu ikavimba, akaitia yote. Akatia kipande cha sabuni, ambacho hata yeye alikuwa anakinusa tu bila kukitumia. Akatia samli. Kila alichotia alikitia kwa shukrani, asingeweza kuapa vinginevyo, alikuwa anasema moyoni chukua wifi, chukua, wewe ndiye uliyenipa watoto hawa. Kapu likajaa kuliko kapu lolote alilowahi kumjazia mtu. Akalifunika na jani la mgomba, akaliweka karibu na mlango, akarudi kwenye kupepeta.

Walirudi mchana. Watoto walitangulia wakipiga kelele, Bhoke nyuma yao na mzigo wa kuni kichwani. Aliinama kupita mlangoni, akaliona.

Alitua kuni taratibu, akazipanga moja moja kando ya mafiga kana kwamba atazipikia yeye kesho. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Leo umeniwahi, mke wangu," alisema.

Kezia alisimama na ungo mkononi. Alitaka kusema si hivyo. Alitaka kusema nilikuwa najaribu tu, lirudi ukutani, mngoje Joram. Maneno mengine aliyasema, akasema Joram anakaribia kurudi, mngoje basi, lakini yalitoka mepesi, na mikono yake haikwenda kulitoa lile kapu mlangoni. Hilo ndilo lililomtafuna miaka yote baadaye. Angelimwaga tu. Angeumwaga ule unga chini ukachafuka, ingetosha.

Bhoke alisema wapike kwanza, njiani atalala kwa watu, ila hawezi kutembea na njaa. Wakapika pamoja. Alisonga ugali yeye, na wakazunguka sinia, na Bhoke akala kidogo sana. Alikuwa anawatazama watoto. Walipofika kwenye ukoko wakaanza vita yao, Nikodemo akamnyang'anya dada yake Bernadetha, Bernadetha akamng'ata mkono, yule mdogo akapita katikati akaondoka na kipande chote. Bhoke alicheka mpaka akashika mbavu.

Akasema, wala hakuwa anamlenga mtu, "Hiki ndicho nilichokuwa nakifikiria kule. Jioni yule bwana akianza, mimi nasema moyoni, saa hizi wanakula. Nasema hivyo mpaka anachoka."

Kezia aliinuka akatoka nje.

Alimsindikiza mpaka njia panda, akiwa amembebea kapu kama inavyotakiwa. Pale njia panda Bhoke alijitwisha mwenyewe, akalisawazisha, akamwambia rudi, watoto wako peke yao. Kezia akapiga magoti kwenye vumbi la barabara kumuaga, na Bhoke akamwinua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kapu, akamwambia mke wangu acha kuchafua nguo, sabuni umenipa mimi yote.

Joram alirudi na lori, amekaa juu ya magunia matupu. Alikuwa amenunua shuka zito jekundu na jeusi, akasema ni la dada yake. Miaka mingi alikuwa anaona aibu kwenda Kemambo mikono mitupu, na safari hii angekwenda. Kezia alimngoja anywe maji. Kisha alimwambia yote, na mgongo, na Mokami, na kapu. La kapu angeweza kulificha. Alilisema mwisho, akitazama chini, akangoja kupigwa, ingawa Joram hakuwahi.

Joram alilikunja shuka upya. Kisha akauliza, "Kovu linatoa maji?" Kezia akasema ndiyo.

Alfajiri Joram alifungua maksai. Kezia alisikia kamba, akatoka. Alijua maana yake: shamba litarudi kwa jembe la mkono, na wale wawili hawatoshi hata kidogo kumkomboa Bhoke kwa Waitara. Akaingia zizini mwenyewe, akamfungua ng'ombe wa maziwa ambaye watoto walikuwa wamempa jina, akamkabidhi Joram kamba.

"Mchukue na huyu," alisema. "Wasipotosha, nitakwenda kwa baba mimi mwenyewe. Watoto utawalea."

Joram alimtazama kama anayemwona upya, akatwaa kamba, akaondoka na shuka begani.

Zile siku Kezia hakupika jikoni kwa akili. Aliunguza. Alimsuka Bernadetha nywele akamfumua akamsuka tena. Aliwafundisha wakubwa jinsi ya kumlaza mdogo, anapenda upande gani, akilia apewe nini, na Nikodemo akauliza, mama unakwenda wapi, akasema haendi popote, msikilize tu. Mokami alikuja kuomba moto akaambiwa umezimika.

Kisha jioni moja mdogo akapiga kelele kumwita baba yake, tata, tata amekuja. Kezia alitoka. Joram alikuwa anakuja njiani peke yake, na mbele yake maksai wote wawili, na yule ng'ombe wa maziwa anatikisa kichwa akinusa kwao. Kezia aliwahesabu kwa macho na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ulitangulia kuruka, kabla hajauzuia. Hilo nalo hakuwahi kujisamehe.

Joram alisimulia baada ya watoto kulala, kwa maneno machache, akipumzika katikati. Waitara alikuwa tayari kupokea, na kilichobaki alikubali kungoja. Wazee walikuwa wamekaa, wameshawatazama maksai meno. Ndipo Bhoke akatoka jikoni, mahali ambapo mwanamke hatakiwi kuongea, akaongea. Alimwambia Joram, "Ukiwarudisha ng'ombe leo, mimi miaka yote hii nilikuwa nakaa hapa kwa ajili gani?" Akasema tena, mapigo yalishanipata, hayawezi kurudi, basi acha yawe yamenunua kitu. Akaenda akavuta miiba ya mlango wa zizi, akawaswaga maksai nje mwenyewe, akawafikisha barabarani, akampa kaka yake fimbo.

Wazee walimkanya Waitara. Walimwambia akimgusa tena watamtoza. Joram alisema hivyo, kisha akasema, "Wamesema." Shuka Bhoke alilipokea. Alijifunika pale pale juani, akasema ni zito, zuri.

Kezia akauliza kama hakumtuma neno kwake.

"Amesema nikwambie unga ulikuwa mzuri."

Bhoke hakuja tena Itiryo. Kila mavuno Kezia alikwenda Kemambo na kapu kichwani, na Bhoke akampokea kwa utani ule ule, mke wangu umezeeka, nitaongeza mwingine. Hawakulitaja jambo lile. Mgongo Kezia hakuonyeshwa tena, wala hakuthubutu kuomba. Alipomwona Bhoke anaketi upande upande kwenye kigoda, alitazama kando.

Ila nyumbani kwake kuna jambo lilibadilika, na watoto walilalamika bila kujua sababu. Chakula cha jioni hakikuruhusiwa kuchelewa. Jua likishagusa kilima, mvua inyeshe, pawe na mgeni, pawe na kilio kwa jirani, sinia lazima liwe chini na wote wamelizunguka. Nikodemo akiwa malishoni aliitwa mpaka sauti ikamkauka mwitaji. Ugali ukiwa bado wa moto wa kuunguza vidole, Kezia alisema kuleni, kuleni sasa hivi. Na hata yeye alikula, tonge kwa tonge, hata siku ambazo halikushuka. Bernadetha alimuuliza mara moja, mama, kwani tunawahi wapi.

Kezia alimkatia ukoko, akamwambia kula. Kule Kemambo jua lilikuwa linagusa kilima vilevile, na kuna mtu alikuwa anasema moyoni, saa hizi wanakula, na Kezia hakutaka aseme uongo.